Matanga ya Nyota Iliyokohoa

Shauri la Dharura Kuhusu Upande Kitakakoelekezwa Kigoda cha Mheshimiwa Mwenyekiti.

Hapo mpo?
— Tupo, na moto upo!
Niseme?
— Sema, tutakukatiza!

Hapo kale, wanyama walipokuwa na baraza, na baraza likawa na vikao, shauri la siku lilikuwa hilo la kigoda. Mwenyekiti Kiboko amekaa, Katibu Nungunungu amesimama, na Mwewe amejibanza mlangoni.

Kaka yake Mwewe, Kozi, ndege wa macho makali, alikuwa juu kupita hewa yote, zamuni, akitazama nyota. Nyota yenyewe ilikuwa masalio: jua kubwa lililokufa, likasinyaa likawa dogo kama mji, na sumaku yake kali hata chuma kilichomo damuni kingeitika. Mwanga wake ni ule upenyao nyama ukafichua mifupa, kama wa eksirei. Hewa huumeza, haufiki chini. Ndiyo maana Kozi alipelekwa huko. Naye aliapa hafumbi macho mpaka ngoma ya baraza ilie.

Kila mara nyota ilipojizungusha na mwanga wake kumpitia, Kozi alipaza sauti: "Imepita!" Kimya. "Imepita!" Kimya. Kisha:

"Dada, imekohoa!"

Mwewe akajitosa ndani. "Mzee Kiboko, nipigieni ngoma! Nyota hiyo ikikohoa mara tatu hupasuka. Kaka yangu atapofuka!"

"Halimo kwenye ajenda," akasema Kiboko. "Tuko kwenye kigoda."

"Dada, imekohoa tena!"

"Wazee wangu, nawashika miguu!"

Nungunungu akasimamisha miiba. "Nyota ipi, binti? Ile ilikufa. Tulikaa matanga, tukala pilau. Leo ukisema i hai, pilau tuirudishe vipi?"

"Mimi nilikula sahani mbili," akasema Kiboko kwa uchungu. "Ile imekufa kabisa."

Mwewe akaitazama ngoma. Akayatazama matumbo yao.

"Kweli, wazee wangu, imekufa. Ila matanga mliyala, hamkuyaanua. Na matanga hayaanuliwi bila ngoma."

"Kuanua kuna chakula?" akauliza Kiboko.

"Kipo."

"Mpishi nani?"

"Mimi."

"Pilau?"

"Pilau, mzee, pilau!"

"Dada! Ime—"

"Katibu, piga!"

Ndu! Ndu! Ndu!

Chini hakuna aliyeona kitu. Mwewe alisimama, shingo juu. Kimya. Kimya. Kimya.

"Imepita!"

Mwewe akakaa chini, kwenye kigoda cha Mwenyekiti, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Baraza likaazimia kwa kauli moja kwamba marehemu ameagwa vizuri. Shauri la kigoda likaahirishwa.

Nanyi jifunzeni: mkubwa akikuzibia njia kwa kanuni, usipigane na kanuni, mtafutie nyingine, iwe na sahani juu yake.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye mabega aibebe, mwenye njaa amfuate Mwewe jikoni.

Wasiotaka mapambo, basi: nyota ilipasuka gamba, na Kozi alikuwa amefumba macho.