Fundi Ambaye Hakuitwa

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja wa visima. Mungu alimjalia mikono na akili ya kazi hiyo, na kwa miaka thelathini hakupoteza mtu hata mmoja. Kabla mtu hajaingia kwenye kisima cha zamani, yeye aliteremsha kwanza taa ya chemli kwa kamba. Ikizimika kule chini, basi hewa ni mbaya, na haingii mtu hata akibembelezwa.

Sasa kanisa lake likaamua kufukua kisima kilichofunikwa mbao kwa miaka mingi. Kamati ikampa kazi fundi kijana wa kijiji cha pili. Mzee hakuambiwa lolote. Ilimuuma, nami simlaumu kwa kuumia. Nani kati yetu hajawahi kurukwa?

Asubuhi ya kazi alikaa barazani kwake akinoa jembe. Kisima kilikuwa jirani, akasikia watu wakibandua zile mbao. Akajiuliza. Je, yule kijana anajua habari ya taa? Akanoa. Labda anajua. Akanoa tena, na wala hakuwa na mpango wa kwenda shambani siku hiyo.

Mkewe alitoka jikoni, akamtazama, akaelewa. "Baba, nenda kawaambie."

"Fundi haendi kwenye kazi ya mwenzake bila kuitwa," akajibu. "Wakinihitaji, mlango wangu wanaujua."

Hiyo ndiyo desturi ya mafundi, na ina adabu yake. Lakini ni adabu gani hiyo inayomtoa mtu jasho akiwa kivulini? Alisikia kamba ikikwaruza ukingo wa kisima. Mtu anateremka. Kamba ikanyamaza. Kisha watu wakaanza kuita jina la yule kijana, kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa nguvu, na hakuna aliyeitika.

Hapo mzee alikimbia, chemli mkononi. Alimkuta mtu wa pili ameshafungwa kamba kiunoni, anataka kumfuata mwenzake. Akamzuia, akateremsha taa. Haikufika hata nusu, ikazimika mbele ya macho ya wote. Wakamvuta yule kijana kwa kamba aliyokuwa amejifunga. Alipofika juu, alikuwa ameshakata roho.

Mke wa yule kijana alikuwa amefika muda huohuo kumletea mumewe uji. Hakupiga kelele. Alimsogelea mzee, akamuuliza polepole, "Baba, ulikuwa unajua?"

Jamani, angemjibu nini yule binti? Amwambie, hawakuniita?

Mzee huyo ni sisi. Dada, umejaliwa kumtuliza mtu aliyefiwa, unasubiri mchungaji akutaje kwenye matangazo? Kaka, unamwona kijana wa jirani akipotea, na neno la kumrudisha unalo, unasubiri barua ya kamati? Karama yako haikutoka kwa kamati. Aliyekupa ni Mungu, na siku aliyokupa ndiyo siku aliyokuita. Naogopa, wapendwa. Naogopa kwa ajili yangu mwenyewe, maana nami yapo mambo niliyoyajua nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Kila mmoja wetu sasa hivi ana mtu mmoja moyoni. Unamjua. Basi leo tukitoka, usisimame mlangoni kunipa mkono. Nenda kwake kwanza.