Modemu Isiyoguswa

Mwanasha, fundi cherehani, aligundua kuna mtu anadoea intaneti yake. Akamwendea jirani yake Kihongole, meneja wa kampuni iliyompa modemu.

"Nibadilishieni nywila, bwana meneja."

"Haibadilishwi! Modemu ni yetu. Mteja hagusi mipangilio."

"Haya, sitaigusa."

Akarudi kwake, akaingia jikoni kuchukua sufuria kubwa ya kupikia pilau, kisha akaketi kushona.

Punde Kihongole akaja mbio, anahema. "Mwanasha! Umeichezea modemu?"

"Mipangilio sijaigusa. Kwani kuna nini?"

"Mtandao umekatika, na mpira umefika kwenye penalti!"

"Mtandao wa nani?"

Kihongole akanong'ona, "Lete simu, nikufungulie mipangilio. Nywila utabadilisha mwenyewe."

"Ahsante, jirani. Ngoja kwanza niifunue modemu," Mwanasha akasema, akainua sufuria.