Vikombe vya Kibwana

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama mna njaa? Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa nimewasikia.

Hapo kale, kale hasa, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na bibi mmoja, Bi Kidawa. Mzee, mkavu, mkali wa ulimi. Alikuwa akichemsha gome la mti fulani. Chungu, Mungu wangu, chungu! Lakini lilituliza maumivu na kushusha uvimbe. Ukienda kwake unalia jino, anakuuliza kwanza, "Umekula?" Mgongo: "Umekula?" Goti: "Umekula?" Watoto wakamwita Bi Umekula. Yeye acheke? Thubutu!

Siku moja Kibwana, mchimba visima, akateguka goti. Likavimba kama boga. Na ukame ulikuwa umebana, kijiji kizima kinangoja kisima chake. Bi Kidawa akampa uji, akamsimamia mpaka akamaliza, ndipo akampa dawa.

"Kikombe asubuhi, kikombe jioni, baada ya chakula. Usizidishe. Na goti lipumzike, maana dawa inanyamazisha maumivu tu."

"Nimesikia, bibi."

Sasa, desturi mnaijua. Mgonjwa hutembelewa, na kwenda mikono mitupu ni aibu.

Hodi, hodi! Karibu! Shemeji yake huyo, na kibuyu. "Dawa ya tangawizi, shemeji. Kunywa." Akanywa, gudu, gudu.

Hodi, hodi! Karibu! Jirani huyo, na chungu. "Dawa ya asali, ya ng'ambo ya mto. Kunywa." Akanywa, gudu, gudu.

Hodi, hodi! Karibu! Rafiki yake huyo, na kata. "Hii ya wawindaji. Kunywa." Akanywa. Angemkatalia vipi mtu aliyekuja na jua lote lile?

Goti likanyamaza. Kibwana akajiona mzima, akashuka kisimani na jembe. Hamu ya chakula ikamtoka. Mwatime, mkewe, akiandaa, yeye anasukuma sahani. "Nitakula baadaye." Na vikombe vinaendelea.

Basi akatoka kisimani amejishika chembe cha moyo. "Mke wangu, hapa panawaka moto." Akainama, akatapika. Matapishi meusi, kama mashapo ya kahawa. Mwatime akapiga ukelele, shemeji, jirani na rafiki wakaja mbio.

Bi Kidawa akaja na fimbo yake, ko, ko, ko.

"Umekula?"

"Tangu juzi, hapana."

"Umekunywa nini?"

Mwatime akamwonyesha vyombo vilivyopangwa ukutani. Bibi akaonja cha kwanza, akatema, tfu! Akaonja cha pili, tfu! Cha tatu, tfu! Uso ukambadilika.

"Hili gome langu na tangawizi. Hili gome langu na asali. Hili gome langu tupu! Nyote mmebandua mti mmoja, mkamnywesha mtu mmoja!"

Shemeji akaanza kulia.

"Niliona haya kuwakatalia, bibi," Kibwana akanong'ona. "Walikuja kwa mapenzi."

"Na tumbo lako, nani alilionea haya?"

Akavimwaga vyote nje, mwaaa, hata kile alichompa mwenyewe. Gome lilikuwa limemchimba kidonda tumboni; dawa yake hakuwa nayo, na hakuwaficha. Akakaa kando ya kitanda, akimtilia maji kidogo kidogo. Midomo ya Kibwana ilikuwa myeupe. Mwatime alimshika miguu, akisema, "Usiniache, baba, usiniache." Kijiji kilinyamaza, hata michi haikutwanga.

Mungu akajalia. Kibwana akafumbua macho, akaomba uji. Kisima kikamaliziwa na wengine. Goti halikurudi sawa, akachechemea maisha yake yote. Tangu hapo, kijiji kile, anayekwenda kumjulia hali mgonjwa hubeba uji, na hakuna anayempa dawa kabla ya kumuuliza amekunywa nini.

Miaka ikapita. Bi Kidawa mwenyewe akalala, mifupa inamuuma hata kugeuka hawezi. Hodi, hodi! Karibu! Uji. Hodi, hodi! Karibu! Uji. Kibwana akaja akichechemea, ameshika kikombe kimoja cha gome. Hakumpa. Akakaa kwanza, akautazama uji wa wageni uliokuwa kando, haujaguswa.

"Bibi, umekula?"

Bi Kidawa akamtazama. Akacheka, yule asiyecheka! "Nipe huo uji, mwanangu."

Akala vijiko vichache, akanywa dawa, akalala. Alfajiri walimkuta ameshakwenda, uso umetulia. Kibwana alilia kama mtoto.

Nanyi, dawa ya maumivu iheshimuni. Ikute chakula tumboni, isizidi kipimo, na ukiletewa nyingine uliza ni ya mti gani, hata kama aliyeileta anakupenda.

Ngano yangu naitua hapa. Haya, ninyi nanyi, mmekula?