Kombe la Mara ya Tatu

Mbachao ni msala wako mkuukuu, ulioliwa nyuzi na kufifia rangi, lakini ndio ulio ndani ya nyumba. Msala upitao ni ule mpya uliobebwa begani na mchuuzi, unaong'aa kwa sababu bado haujakaliwa. Wahenga walituonya tusiutupe ule kwa kuutamani huu. Bwana Perce Haddrill wa Coolabindi hakuwahi kuisikia methali hiyo, maana kwao Australia watu hawana habari za misala. Hata hivyo ilimpata, kwa kuwa methali haiulizi mtu anazungumza lugha gani.

Coolabindi ulikuwa mji wa barabara moja, hoteli mbili na kanisa lisilojaa ila siku ya mazishi. Kitu kimoja tu kiliufanya utajwe na watu wa mbali, nacho ni mbio za farasi za Jumamosi ya Pasaka. Zilianza enzi za mababu. Wakata manyoya ya kondoo walizuiwa hotelini na mto uliofurika, wakabishana farasi wa nani ana mbio zaidi, na kwa kuwa ubishi wa walevi hauishi kwa maneno, wakatoka nje wakashindana. Mwaka uliofuata walirudi na wake zao, vikapu vya keki na farasi wengi zaidi. Akina mama wakauza jemu mpaka wakanunua kombe la fedha, wakaliwekea sharti: atakayeshinda miaka mitatu mfululizo atalichukua liwe lake daima.

Miaka ikapita, na hapakutokea mtu wa kulichukua daima. Aliyelikaribia kwanza alikuwa babu yake Perce. Alishinda mara mbili, kisha vikaja vita vikuu, serikali ikachukua farasi wote wazuri kuwapeleka ng'ambo, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Baada yake baba yake Perce naye alishinda mara mbili, na mwaka wa tatu mto ukaja ukaondoka na uwanja, vibanda na hata choo. Kwenye kombe jina la Haddrill lilichongwa hapa mara mbili na pale mara mbili, na ukoo mzima uliona haya kulitazama kama mtu anavyoona haya kutazama pengo la jino lake.

Sasa ilikuwa zamu ya Perce. Alikuwa amekwisha shinda mara mbili kwa farasi wake jike aitwaye Biddy, mwekundu wa kahawia, mwenye masikio makubwa na tumbo la kulala chini. Hakuwa na uzuri wa kumfanya mtu asimame. Alipotoka zizini alitoka kama mama anayekwenda dukani. Lakini uwanja wa Coolabindi aliujua kuliko kamati ya mbio yenyewe, hasa ile kona ya karibu na mto ambako ardhi ni laini chini hata ikionekana kavu juu. Farasi wengine waliipita kona ile kwa ndani ili kufupisha njia, wakazama kwato. Biddy aliizunguka kwa nje bila kuambiwa, kisha akawapita mmoja mmoja kwenye mteremko wa mwisho.

Tatizo ni kwamba mara ya pili alishinda kwa pua tu. Pua ile ilimnyima Perce usingizi mwaka mzima. Kila alipomtazama Biddy hakuona tena ushindi wa mara mbili, aliona uzee. Aliogopa, na mtu mwenye hofu ni mteja mzuri.

Mchuuzi hakukawia. Alikuwa bwana mmoja aitwaye Rex Dunstable, aliyepita Coolabindi akielekea kaskazini na farasi wa kuuza, akapumzika hotelini siku kadhaa. Miongoni mwa farasi zake alikuwemo dume mweusi, mrefu, anayeng'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Jina lake Sultan. Alikuwa amekimbia kwenye viwanja vya mjini, mbele ya mabwana wenye kofia ndefu.

"Mzee wangu," alisema Rex, "huyu si farasi wa kuuzwa. Huyu angekuwa mtu, ningemwozesha binti yangu."

"Kwa hiyo humuuzi?" Perce aliuliza.

"Kwako wewe, nitajikaza."

Jioni ile Thelma, mkewe Perce, aliletwa kumwona. Alimzunguka Sultan mara moja, mikono ndani ya aproni.

"Mzuri," alisema. "Anakula nini?"

"Nyasi. Farasi anakula nini kingine?"

"Umemwona akila nyasi?"

"Thelma, usianze."

"Sijaanza, nauliza tu. Kila nikipita hapo hotelini huyo Rex namwona na ndoo ya shayiri."

Perce alimwambia kwamba wanawake hawajui farasi. Thelma akamuuliza, wanaume je, akarudi kugeuza nyama ya kondoo jikoni.

Swali la Thelma halikuwa la bure. Mbio za Coolabindi zilikuwa na sheria yake, na iliheshimiwa kuliko amri za kanisani. Wiki sita kabla ya Pasaka farasi wote waliingizwa kwenye malisho ya chama cha mbio kando ya mto, lango likafungwa kwa kufuli, wakala nyasi pamoja mpaka siku ya mbio. Hakuna nafaka, hakuna ndoo, hakuna mkono wa mtu. Aliyeitunga sheria hiyo ni babu yake Perce mwenyewe. Mwaka mmoja wa ukame tajiri mwenye mashamba alileta farasi aliyenona kwa shayiri, ilhali farasi wa wanyonge wakihesabika mbavu. Mzee Haddrill alipanda juu ya meza ya bia akapiga kelele kwamba ama wote wale nafaka ama wote wale nyasi. Perce aliisimulia habari hiyo kila mwaka, kwa fahari, na bado alimnunua Sultan.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Nyasi za shambani kwake hazikutosha vinywa viwili, kwa hiyo Biddy ilibidi aondoke. Aliyekuja kumtaka ni Bi Ivy Gorrick, mjane jirani yake, ambaye punda wake wa kuwapeleka watoto shule alikuwa amekufa.

"Anavuta?" Ivy aliuliza.

"Anavuta nini? Ivy, huyu ni bingwa wa Coolabindi!"

"Nimeuliza kama anavuta mkokoteni, Perce. Cheo chake sikukiuliza."

Perce alimkabidhi kamba. Biddy aliondoka bila makeke, lakini walipofika getini alisimama, akageuza yale masikio makubwa nyuma, akangoja.  Perce alijifanya anakagua kwato za Sultan mpaka walipokunja kona.

Siku ya kufungwa kwa malisho watu walijipanga na farasi zao langoni kwa mzee Alf Sproule, mshika ufunguo. Wa mwisho kufika alikuwa Ivy, kwa miguu, na Biddy nyuma yake.

"Bi Ivy, nawe unataka kombe?" Alf alimtania.

"Nataka nyasi. Kwangu hakuna hata jani, na hapa kuna malisho ya bure wiki sita. Mwandikishe."

"Na watoto shule wataendaje?"

"Miguu wanayo. Shemeji yangu Les atampanda siku hiyo, akianguka na aanguke."

Watu walicheka hadi wakashika fensi. Perce alicheka kuliko wote.

Desturi ya Coolabindi ni kwamba kila Jumapili baada ya ibada watu hwenda kuegemea fensi ya malisho, kutazama farasi na kubishana. Jumapili ya kwanza Perce alimkuta Sultan amesimama langoni, shingo juu, akingoja. Jumapili ya pili alimkuta pale pale. Alikuwa akingoja ndoo. Tangu utoto wake chakula kilimjia saa zake, ndani ya banda, kutoka kwa mtu aliyevaa aproni. Nyasi alizinusa, akazing'ata juu juu, akarudi langoni. Alipokwenda kunywa maji farasi wengine walimpiga mateke, kwa kuwa kule mjini kila farasi ana ndoo yake na hakuna aliyemfundisha kupanga foleni. Biddy alikuwa kando ya mto chini ya mikaratusi, ambako unyevu ulibakiza nyasi mbichi, akila taratibu. Tumbo lake lilikuwa pale pale.

Jumapili ya tatu mbavu za Sultan zilianza kuonekana, na ule mng'ao ukawa vumbi. Perce alingoja watu waondoke, akamvuta Alf pembeni.

"Alf, ndugu yangu. Ndoo moja tu ya shayiri. Farasi atanifia."

Alf aliutia ufunguo mfukoni. Walikuwa wamesoma pamoja, na wote wawili walikuwa na mvi.

"Perce, ningekuwa na moyo wa kukupa ufunguo, ningekupa. Lakini nani alipanda juu ya meza?"

Mfukoni Perce alikuwa na konzi ya shayiri, alikuja nayo tangu nyumbani. Alipofika barabarani aliimwaga, kunguru wakashuka. Aliona aibu, na aibu ile ilimzidi kwa sababu hakuna aliyemwona.

Jumamosi ya Pasaka ikafika. Malori na mikokoteni ilijaa chini ya miti, akina mama wakafungua vikapu, wapokea dau wakapanda juu ya masanduku yao wakaanza kupayuka. Doug, mpwa wake Perce, aliyempanda Biddy miaka miwili, sasa alikuwa juu ya Sultan. Waliruhusiwa wapanda farasi wa ridhaa tu, watoto wa nyumbani.

"Mjomba," alisema akikaza mkanda wa tandiko, "nimeuvuta mpaka tundu la mwisho na bado unalegea."

"Ana damu ya mbio. Damu haikondi."

"Haya, mjomba."

Bendera iliposhuka, Sultan aliruka kama risasi. Lazima tumpe haki yake. Kwa nusu ya kwanza Coolabindi haikuwahi kuona kitu kama kile, na Perce alirusha kofia yake akapiga ukelele mpaka sauti ikakatika. Alikuwa mbele ya wote, peke yake, mrefu, mweusi, na Perce alikwisha liona kombe juu ya rafu ya mekoni, halirudi tena kwa kamati, na baba na babu wakipumzika makaburini.

Kisha ikaja kona ya mto. Sultan aliikata kwa ndani, kama afanyavyo yeyote asiyeijua, na ardhi laini ikamshika miguu. Farasi mwenye shibe angejinasua. Yeye alijikwamua mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu hakuwa na kitu tena tumboni cha kujikwamulia.

Kwa nje, polepole, mama anayekwenda dukani alikuwa anapita. Les Gorrick, mkata manyoya mwembamba aliyekunywa bia mbili za kujipa moyo, hakuwa akiongoza lolote. Alikuwa amekumbatia shingo, macho kayafumba. Biddy aliizunguka kona, akashika mteremko, akawapita mmoja mmoja, kama alivyofanya mwaka jana na mwaka juzi. Safari hii hakushinda kwa pua. Alishinda peke yake.

Watu walilipuka kwa kelele. Ivy alikuwa akimimina chai. Walipomwekea kombe mikononi aliligeuza juu chini.

"Sasa hili nitaliweka wapi? Kabati sina."

Perce alimfuata baadaye, kofia mkononi.

"Ivy, niuzie Biddy. Sema bei yoyote."

"Sina bei, Perce. Watoto wamemzoea." Alisema bila ubaya. "Wewe ulimchoka. Sisi bado."

Hapo ndipo walipogundua kwamba Biddy hayupo alipofungwa. Les alikuwa amefunga fundo la kilevi. Walimtafuta kati ya malori, na Perce ndiye aliyemwona. Alikuwa amesimama nyuma ya lori la Haddrill, mbele ya ubao wa kupandia, kama alivyozoea kila Pasaka baada ya mbio, akingoja apandishwe arudi nyumbani.

Perce alimshika shingo, akaificha sura yake ndani ya manyoya, akalia kama mtoto. Kisha alimshika kamba, akamwongoza mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni wa Ivy, ulioletwa asubuhi ukivutwa na lori la jirani, akamfunga hatamu na mikanda mmoja baada ya mwingine, taratibu, asimwumize. Watoto walipanda, kombe likawekwa kati ya vikapu vitupu vya keki, na bingwa wa Coolabindi akalivuta hadi kwa mjane. Ndani ya lori la Haddrill alirudi Sultan, ambaye alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kusimama mlangoni pa jiko, kungoja ndoo. Rex Dunstable alikuwa kaskazini tangu siku nyingi.

Kombe lile bado linashindaniwa hadi leo. Ukiligeuza utaona majina ya Haddrill wawili wawili, mara tatu, na baada ya wawili wa mwisho jina la mjane aliyetafuta nyasi. Perce alipoulizwa na wajukuu kwa nini hakushinda mara ya tatu, hakuwalaumu Rex, wala mto, wala vita. Alisema tu kwamba alikuwa na farasi. Nasi tunaongeza lile ambalo hakujaliwa kulisikia kwa wakati: usiache mbachao kwa msala upitao.