Usomo wa Binti wa Mwanahawa

Hapo zamani, enzi zile mlango wa jirani ulikuwa mlango wako, alikuwepo Mwanahawa wa Wete. Hadi leo akinusa uji wa mtama humkumbuka mwanawe Kheri, na mwaka ule.

Kheri alikuwa na miezi saba, Mwanahawa akashika mimba nyingine. Akamwachisha ziwa upesi, maana iliaminika maziwa ya mjamzito humdhoofisha mtoto. Haukupita mwezi, Kheri akatoka vidonda mdomoni na matakoni, nywele zikapukutika, akaharisha. Majirani wakanong'ona, "Kambemenda mwanawe, kamdhuru kwa mimba." Mwanahawa akaona haya hata kwenda kisimani.

Mama mkwe wake, Bi Chausiku, akamshika mkono hadi zahanati. Mbele ya watu akasema alichokinyamazia miaka thelathini: "Wangu wa kwanza alianza hivihivi nilipomwachisha ziwa. Akafa. Na mimi niliambiwa nimembemenda."

Nesi Zawena aliposikia hayo, akavitazama vidonda. "Hakuna aliyembemenda mtu. Mwilini mna vimeng'enya, ndio vibarua wanaojenga ngozi. Vingi havifanyi kazi visiposhika chembe ya madini ya zinki. Tumbo la huyu haliwezi kuyavuta kwenye uji. Kwenye maziwa ya mama aliyapata. Dawa ya zinki hapa hakuna, nitaifuata Unguja mwenyewe."

Akakawia siku tisa. Kheri alikuwa hoi, na ziwa la Mwanahawa limekauka. Wifi yake Rukia, mwenye binti mchanga, akamnyonyesha. Na Rukia huyo alikwisha kupanga binti yake aje aolewe na Kheri. Akijua ziwa moja litawafanya watoto hao ndugu wa kunyonya na ndoa haipo tena, alilia, akanyonyesha.

Dawa ikaja, vidonda vikakauka.

Kwao, aliyemwokoa mtoto hupewa usomo: mtoto anayefuata huitwa jina lake. Mwanahawa akajifungua binti. Siku ya saba wakaketi watatu mkekani, kila mmoja akidai usomo.

"Bila dawa yangu angekufa," alisema Zawena.

"Bila ziwa langu dawa ingelikuta kaburi," alisema Rukia.

"Bila aibu yangu niliyoianika," alisema Bi Chausiku, "asingejua hata mmoja wenu pa kuanzia. Na marehemu wangu hana hata wa kumtaja; jina langu likiitwa, naye atakumbukwa."

Leo wote watatu wametangulia, na Mwanahawa anatamani wagombane tena mkekani pale, siku moja tu. Siku ile alimpakata binti, akawatazama mmoja mmoja, akatamka jina. Mimi silitaji. Nyinyi je, mngempa nani usomo?