Tela Lisilobeba Kitu Kingine

Wapendwa, kabla hatujasimama kwa ajili ya toba, tukae kidogo na habari ya tela.

Alikuwepo bwana mmoja, mkulima wa mpunga katika kijiji kilichopakana na ziwa, mwenye pawatila na tela lake. Pawatila mnaijua: ile mashine ya kulimia majaruba, ambayo kilimo kikiisha unaifunga tela nyuma, nayo inakuwa gari. Tela jingine pale kijijini halikuwepo. Basi lile moja lilibeba kila kitu: mchanga wa kujengea kanisa, mapipa ya maji pampu ikiharibika, viti na masufuria ya harusi, na ikibidi, jeneza kutoka hospitali. Haikupita wiki bila mtu kupiga hodi uani kwake. "Baba, samahani, tunaomba tela." Naye alikuwa anatoa.

Hakuwa mtu mbaya, tusije tukamwonea. Aliimba besi kwenye kwaya, na watoto wa jirani walikula kwake bila kuulizwa. Ila alikuwa amechoka. Zile hodi zilimchosha mpaka akawa akisikia tu mbwa anabweka, anakunja uso kabla hajajua ni nani anayekuja. Angeweza kudanganya, kama tunavyofanya wengi wetu: tairi limetoboka, dizeli imeisha, kijana kaondoka na ufunguo. Tatizo ni kwamba uongo ulikuwa haumkai. Aliwahi kujaribu, akasema bomba la mafuta limeziba, na siku ile chakula hakikupita kooni. Sasa mtu wa namna hiyo afanye nini? Hataki tena kusaidia, na kusema uongo hawezi. Mnadhani alitubu uchovu wake? Subirini.

Mwaka huohuo hoteli moja ya ufukweni ikaleta jetski mbili, zile pikipiki za majini ambazo wageni wanazipanda na kupiga mayowe ya furaha. Banda la kuzihifadhi lilikuwa juu mlimani, maji yako chini, na jetski ni nzito, haibebwi mgongoni. Akatafutwa mtu wa kuzishusha asubuhi na kuzipandisha jioni. Kazi ikamwangukia bwana wetu. Lakini tela lake lilikuwa bapa, lenye sakafu ya mbao, na jetski ina tumbo la mviringo. Ukiiweka juu ya mbao inalala ubavu. Ikabidi alivute hadi senta, kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi alilizunguka tela, akachuchumaa, akatazama chini ya fremu. "Hii kazi ndogo, baba," akasema. "Nakutengenezea vitanda viwili vya chuma, navifunika zulia kuukuu visikwaruze. Navifunga kwa bolti. Ukimaliza za hoteli unafungua, unarudisha mbao zako, unabeba mpunga kama kawaida."

"Bolti za nini? Chomelea."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Hizi mbao zote toa, na vizuizi vya pembeni kata."

Fundi akacheka, akidhani anataniwa. "Sasa baba, kesho ukiambiwa ubebe kitu kingine utafanyaje?"

"Ndiyo maana nakwambia chomelea."

Kicheko cha fundi kikaisha. Akamtazama yule bwana usoni, na yule bwana akageuka kuangalia barabara. Lakini kazi ni kazi. Fundi akashusha miwani yake ya kuchomelea, cheche zikaanza kuruka.

Mmemwelewa huyu bwana? Wengine mnadhani alitengenezewa vitanda vya jetski. Alitengenezewa "haiwezekani". Alilipeleka tela gereji ili siku akikataa, awe anasema kweli.

Na ilifanya kazi, ndugu zangu! Walikuja watu wa harusi, akawachukua mpaka uani: "Njooni mjionee wenyewe." Wakaona vile vyuma vilivyopinda na nafasi tupu katikati. Wakamwonea huruma. "Kweli baba, hapa hata sufuria haikai." Wakaondoka wakimshukuru, na yeye akarudi kwenye uji wake. Alilala vizuri. Hodi zikapungua, na mbwa naye akapata mapumziko. Nawauliza: alidanganya wapi?

Sasa sikilizeni vizuri.

Palikuwa na mama mmoja mjane, shamba lake liko ng'ambo ya bonde. Marehemu mumewe alikuwa rafiki wa bwana huyu, walikuwa wakisimama bega kwa bega kwenye besi. Siku alipofariki hospitali, tela lile ndilo lililomrudisha nyumbani. Mwaka huu wa jetski yule mama alikuwa amevuna peke yake na watoto wake, wameshapiga mpunga wote, magunia yamerundikwa shambani yakisubiri kusombwa. Ndicho chakula chao cha mwaka, na ndiyo mbegu. Halafu mchana mmoja, wakati mvua haitarajiwi kabisa, wingu jeusi likasimama juu ya ziwa. Mikokoteni yote ya ng'ombe ilishashikwa na wenye mpunga wengine. Mama akakimbia mpaka kwa rafiki wa mumewe.

"Shemeji, mvua inakuja na mpunga wangu uko nje. Naomba tela, safari moja tu."

Yeye mpunga wake ulishaingia ghalani zamani. Pawatila ilikuwa palepale uani, ina mafuta. Akamwonyesha tela.

Mama akalitazama. "Tukilaza mbao juu ya hivi vyuma?"

"Mbao nilishazijengea banda la kuku, shemeji."

"Na hivi vyuma havifunguki?"

"Vimechomelewa."

Mama akaweka mkono juu ya chuma, pale ambapo siku ile jeneza lilikaa, akakitikisa kidogo kama anayejaribu mlango. Kilikuwa kigumu. "Basi, shemeji. Usijali. Ningejua ningekuja mapema." Akajifunga kitenge vizuri, akarudi mbio shambani. Yule bwana akabaki amesimama, na uchungu ukamjaa, kwa sababu sasa alitaka. Nataka mlisikie hilo. Dakika ile alitaka kwa moyo wote kusaidia, na kweli hakuweza. Alizima pawatila ambayo wala hakukumbuka aliiwasha saa ngapi.

Mama na watoto wake walibeba kichwani walichoweza kubeba. Mvua ikawakuta katikati ya bonde. Mpunga uliobaki nje ulilowa, na siku chache baadaye ukaanza kuchipua ndani ya magunia, kijani kama kitalu.

Jumapili ikafika. Wakati wa shuhuda yule mama akasimama. Watu wakainamisha vichwa, wakijua atalia. Hakulia.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mpunga umeharibika, lakini watu wangu ninao. Namshukuru shemeji yangu, yule pale kwenye kwaya. Nilimkimbilia. Wapo watu wanakutolea sababu mlangoni, yeye alinipeleka mpaka kwenye tela nikaona kwa macho yangu. Nilimwona alivyoumia. Najua kama ingewezekana, angekuja hata kwenye mvua. Namwombea kitu kimoja tu: Mungu auone moyo wake."

Kanisa zima likaitika, "Amina!"

Yule bwana hakuitika. Alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili. Alipoinua macho yakagongana na macho ya fundi, aliyekaa benchi la nyuma karibu na mlango, naye fundi hakuwa ameitika. Kwaya ikasimama kuimba. Sauti ya besi siku hiyo haikusikika.

Mle kanisani watu wawili ndio waliojua. Nimesema wawili? Walikuwa watatu, na wa tatu ndiye aliyekuwa ameombwa kutazama.

Kesho yake bwana akalivuta tela mpaka senta. "Kata," akasema, na fundi hakuuliza swali. Alikata vyuma, akavirudisha upya kwa bolti kama alivyoshauri mwanzo, na makovu ya moto yakabaki kwenye fremu. Banda la kuku likavunjwa. Safari ya kwanza ya tela lile ilikuwa ng'ambo ya bonde, nusu ya mpunga wa bwana ukiwa umepakiwa. Aliushusha mlangoni kwa mjane na kumweleza kila kitu, hata lile swali la fundi. Inasemekana mama aliyatazama magunia, kisha akamwambia, "Shusha, shemeji. Watoto hawajala." Kama alimsamehe siku ile au baadaye, sijui. Na ule mpunga uliochipua, hakuna bolti inayoweza kuurudisha.

Ndugu zangu, sisi tuliomo humu ndani hatusemi uongo sana. Tunachomelea. Tunajenga nyumba nzuri isiyo na chumba cha mgeni, halafu tunamwambia mama mzazi kwa huzuni ya kweli, "Mama, unaona mwenyewe, pa kulala hakuna." Tunaijaza wiki nzima kwa makusudi, mgonjwa akilazwa tunasema, "Nafasi sina," na ni kweli, nafasi hatuna. Tunatuma salamu za pole zilizojaa uchungu halisi. Watu wanatuonea huruma. Lakini ile "siwezi" yako, ulizaliwa nayo, au uliipeleka gereji? Fundi alipokuuliza, "Kesho ukiambiwa ubebe kitu kingine?", ulimjibu nini?

Hoteli haikukosea kuleta jetski, na wewe hukukosea kupata kazi. Beba za hoteli. Ila funga kwa bolti, ili jirani akipiga hodi pawe na kitu cha kufungua.

Sasa tusimame. Nitaomba maneno yaleyale ya yule mama, wala sitaongeza: Mungu aione mioyo yetu. Anayeweza kuitika Amina, aitike.