Chui Aliyelitaka Blanketi la Mlima

Paukwa, enyi mlio karibu na moto.

*Pakawa, na walio mbali wasogee.*

Niseme au ninyamaze?

*Sema, tumeshafumba macho.*

Basi palikuwa na mlima mrefu, kichwa chake kimelala kwenye barafu na miguu yake imetulia kwenye migomba. Huko juu, mahali miti inapokoma na mawe yanapoanza, aliishi Bi Pimbi na wanawe. Pimbi ni mnyama mdogo wa miambani, wa mviringo kama boga, hana hata mkia wa kujifunika.

Huko pia aliishi Chui. Chui alikuwa na manyoya mazito, na bado alitaka joto lote liwe lake. Akiona pango linaloelekea jua, anasema, "Langu." Akiona nyasi kavu za kulalia, anasema, "Zangu." Akiona jiwe lililoota jua mchana kutwa, analala juu yake na kusema, "Na hili langu." Pimbi na wanawe wakabaki kwenye ufa wa mwamba, upepo unaingilia huku, unatokea kule, vuuu, vuuu.

Asubuhi moja theluji ilianza kudondoka. Ilidondoka polepole, bila sauti, kama sufi inayotoka kwenye mto uliochanika. Mwana mmoja wa Pimbi akaacha kutetemeka. Mama akaingiwa na hofu, maana mtoto anayetetemeka bado anapigana na baridi. Akampulizia pumzi, akamlaza katikati ya ndugu zake, akaenda pangoni kwa Chui.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hapa hapana nafasi."

Pimbi akasema hakuja kuomba nafasi, amekuja kumpa habari tu. Kule kileleni limeanikwa blanketi jeupe, nene, linafunika mlima mzima. Yeye amejaribu kulivuta, likamshinda.

Chui akanyanyua kichwa. "Litanitosha?"

"Litakutosha. Ila ukilichukua wewe, mjomba, sisi wengine hatutapata hata pindo."

"Nani amesema mpate?"

Akatoka, akapanda, chwa, chwa, chwa. Kileleni akalikuta wingu limejilaza, jeupe kweli, laini kweli. Akalivuta, likateleza. Akalikumbatia, likapita katikati ya makucha. Akaingia ndani zaidi, na zaidi, mpaka mawe yakaisha chini ya miguu yake. Wakati huohuo upepo wenye joto na unyevu ulikuwa ukipanda kutoka mashambani. Ukaingia chini ya wingu, ukalinyanyua, na Chui naye akanyanyuka, taratibu, kama mtu anayeota kwamba anaelea.

Mle ndani hamkuwa na joto. Chembe nyepesi za barafu zilikuwa zikipanda, chembe nzito zikishuka, zinapishana na kusuguana, kwaru, kwaru. Chui akaita kutoka juu kwamba blanketi hili lina baridi.

Pimbi alikuwa amesimama mwambani, theluji imemfika tumboni. Alijua kwamba akisema ukweli Chui atashuka, na akishuka atalirudia pango. Akamjibu kwa upole:

"Blanketi jipya ndivyo lilivyo, mjomba. Jisugue nalo."

Chui akajisugua. Akajisugua ubavu huu, akajisugua ubavu ule, kwaru, kwaru, mpaka manyoya yote yakasimama. Mara, pwaa, mwanga ukamtoka mgongoni. Wingu zima likawaka kwa ndani kama taa iliyofunikwa chandarua, na theluji hewani ikawa ya samawati. Chui akadhani joto limeanza kuja, akanguruma kwa furaha. Lakini theluji iliyokuwa ikidondoka ikaimeza sauti yake, na chini ikafika kidogo tu, nguru, kama tumbo la mtu aliyelala chumba cha pili.

Pimbi hakungoja. Akawabeba wanawe kwa meno, mmoja mmoja, akawalaza pangoni juu ya nyasi kavu zilizokuwa bado na joto la Chui. Yule aliyeacha kutetemeka alikuwa bado wa baridi. Mama akamlalia, akasikiliza. Nje theluji inadondoka, mwanga unapita, nguru. Hatimaye mtoto akaanza kutetemeka tena, kisha akatafuta ziwa la mama. Hapo ndipo Pimbi alipolia.

Alipopata nguvu, mtoto akauliza Mjomba Chui atashuka lini.

"Akishapata joto," mama akasema.

Hajalipata. Ndiyo maana siku nyingine, theluji ikidondoka, radi humulika katikati yake na ngurumo husikika kwa mbali mno. Ni Chui anajisugua.

Fundisho lake, wanangu, ni kwamba wakubwa hawadanganywi. Pimbi alidanganya, na adhabu yake mnaiona: mpaka leo analazimika kulala kwenye pango lenye joto, na mara mojamoja radi inamkatiza usingizi.

Kisa changu nimekilaza hapa. Aliyekipenda akibebe. Asiyekipenda akiache hapohapo, kitayeyuka.